Visawe vya kukataa na kudharau katika Kiingereza: kwa nini neno moja halikai mahali pa jingine

Kisawe, kwa fasili inayofundishwa shuleni, ni neno lenye maana sawa au inayokaribiana na maana ya neno jingine. Nusu ya pili ya fasili hiyo, yaani maana inayokaribiana, ndiyo husahaulika mapema, na katika kundi la maneno ya Kiingereza yanayotaja kukataa na kudharau usahaulifu huo hugharimu kuliko kwingine, kwa sababu anayekosea hapo hapotezi alama ya mtihani tu, bali anaweza kumtukana mtu ambaye alikusudia kumkatalia kwa heshima.

Lichukue daftari la msamiati la mwanafunzi wa kidato cha pili, awe wa Masasi au wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Ukurasa umepigwa mstari katikati kwa rula. Kushoto yamepangwa wima, kwa wino wa buluu, maneno reject, refuse, decline, spurn na despise, na kulia kuna mabano makubwa yanayoyakusanya yote mbele ya neno moja tu, kukataa. Wiki inayofuata anaandika insha kuhusu safari na humo anaweka sentensi hii: "My grandmother spurned the bus." Alitaka kueleza kwamba bibi yake alikataa kupanda basi la Lindi kwa kuwa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Sarufi ya sentensi haina dosari, na tahajia ni safi, lakini msomaji wa Kiingereza anaona jambo jingine kabisa, kwamba basi lilijipendekeza kwa bibi naye akalifukuza kwa dharau. Kitenzi spurn kilianza katika Kiingereza cha kale kikiwa na maana ya kupiga kwa mguu, na teke hilo halijakitoka hadi leo.

Kosa la namna hii ni rahisi kulielewa. Kiingereza huwa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za serikali kuanzia kidato cha kwanza, na mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili hulazimika kujaza pengo kubwa la msamiati kwa haraka, kwa hiyo orodha ya visawe humwonekea kuwa mkato mzuri. Orodha si mbaya. Ila humpa majina ya majirani bila kumwambia nani anaishi nyumba ipi, ilhali kuhusu neno la kukataa kuna mambo mawili yasiyoweza kuachwa: neno hilo hukataa kitu cha aina gani, na anayekataa amesimama juu, chini au sawa na anayekataliwa.

Tuanze na jambo la kwanza, kwa kuwa ndiko Kiswahili chenyewe kinakotutega. Kitenzi kukataa kina nafasi kubwa mno. Kijana amekataa kwenda shamba, mkulima amekataa bei, mshtakiwa amekataa kwamba aliiba mbuzi, na pikipiki imekataa kuwaka; kote huko neno ni lile lile na hakuna anayebabaika. Kiingereza huligawa eneo hilo kwa vitenzi vitatu. Kijana anayegoma kufanya tendo hupewa refuse, ikifuatwa na kitenzi kingine chenye to: "He refused to go to the farm." Pikipiki nayo hupewa refuse vilevile, jambo linalowashangaza wengi, kwani Waingereza kama sisi huzungumzia mashine kana kwamba ina ukaidi wake: "The motorcycle refused to start." Bei, hoja, ombi au mpango, yaani kitu kilichowekwa mbele ya mtu ili aseme ndiyo au hapana, hupewa reject, na kitenzi hiki kinataka nomino baada yake, hakikubali kufuatwa na to na kitenzi. Ndiyo maana "He rejected to come", sentensi inayosikika kila siku kwetu, haisimami kwa Kiingereza. Mshtakiwa naye hukataa kwamba jambo lilitokea, na hapo neno ni deny: "He denied stealing the goat." Anayesema "He refused that he stole" amebeba Kiswahili chake chote mgongoni akaingia nacho kwa Waingereza. Vivyo hivyo "He denied to go" haifai, kwa sababu deny hukana habari na haligomi kutenda. Mtu akiyashika haya matatu vizuri atakuwa ameondoa sehemu kubwa ya makosa ya kundi hili zima, na kwa maoni yangu hayo yangestahili vipindi kadhaa kabla ya mwalimu kugusa spurn au repudiate.

Mnada wa korosho ni mahali pazuri pa kuyaona maneno haya yakitengana. Korosho ghafi za wakulima wa Mtwara na Lindi hukusanywa na vyama vya msingi vya ushirika, hupelekwa ghalani kwa utaratibu wa stakabadhi, kisha huuzwa mnadani, ambako bei za wanunuzi husomwa mbele ya wakulima wenyewe. Bei ya juu inaposomwa na watu wakaguna, mmoja akasimama na kusema kwa sauti, "Hatuuzi," kuna mambo mawili yaliyotendeka kwa pamoja. Wameikataa bei aliyoitoa mnunuzi, na hilo ni reject. Wamegoma kutenda tendo la kuuza, na hilo ni refuse. Katika msimu wa 2018 wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo kwa kuziona ndogo, na mwezi Novemba mwaka huo serikali ikatangaza kwamba ingenunua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mwandishi wa habari wa Kiingereza angeweza kuandika "Farmers rejected the bids" au "Farmers refused to sell", na zote mbili ni sahihi. Katika mazungumzo angesema "turned down", ambalo ni neno la kila siku kwa ajili ya ofa, ombi la kazi au mwaliko. Asingetumia decline, kwa sababu decline ni kukataa kwa adabu, na watu walioguna mnadani hawakuwa katika hali ya adabu.

Decline asili yake ni Kilatini, neno lenye maana ya kuinama au kupinda upande, na picha hiyo inafaa sana: mtu hakisukumi kitu, anakipisha tu kipite. Ndilo neno la barua. Mtu aliyealikwa kutoa hotuba Mtwara mjini na hana nafasi huandika "I must decline your kind invitation", na mwalikaji hapati jeraha. Reject kwa Kilatini ni kutupa nyuma, na ukali huo upo bado, kiasi kwamba waajiri wenyewe hulikwepa neno hilo katika barua wanazowaandikia waombaji wa kazi, wakachagua kusema kwamba maombi hayakufanikiwa. Mwombaji anaijua maana. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuambiwa hukupata na kuambiwa umetupwa, na anayejifunza lugha lazima aisikie tofauti hiyo, hata kama kamusi yake ndogo imeandika kukataa mbele ya maneno yote mawili.

Mambo ya mapenzi na ndoa yana msamiati wake, nao haukawii kueleweka. Barua ya posa ikirudi bila jibu la kuridhisha, Kiingereza husema posa imekuwa "turned down", na wazazi waliokataa kwa upole wanaweza hata kupewa decline. Mchumba anayeachwa ghafla baada ya mambo kukamilika, mahari ikiwa imeshapokelewa, anatajwa kwa jilt. Kibuti cha mtaani, kile ambacho vijana husema fulani amepigwa, ni dump. Spurn inapata makazi yake halisi hapa, katika mapenzi yaliyotolewa kwa moyo wote yakarudishwa kwa dharau. "A spurned lover" ni mtu aliyebembeleza kisha akaaibishwa. Linafaa pia kwa msaada uliotolewa kwa nia njema au mkono wa amani. Kwa basi halifai.

Kuna kundi jingine ambalo mtu hukataa kitu kilichokuwa chake au kinachodaiwa kuwa chake. Kiswahili tuna kukana, na kitenzi hiki hutusaidia zaidi ya kukataa. Renounce ni kukana kwa hiari na kwa tamko jambo ambalo mtu alikuwa nalo, kama vile uraia, dini, haki au matumizi ya nguvu. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na anayeukana uraia wake Kiingereza humwelezea kwa neno hilohilo. Disown ni kumkana mtu wa damu, mzazi kusema huyu si mwanangu tena. Repudiate ni zito zaidi na huandamana na deni, mkataba, tuhuma au mafundisho. Katika Kilatini neno lake la asili lilihusu talaka, mume kumwacha mke rasmi, na ukilikumbuka hilo hutaweza kulitumia kwa mtu aliyekataa kikombe cha chai: palipo na repudiate pana fungamano linalokatwa hadharani.

Sasa jambo la pili, la juu na chini, ambalo ndilo linalotenganisha kukataa na kudharau. Mwezi Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi huko Nandete, mahali palipo leo katika wilaya ya Kilwa, wakulima waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima na utawala wa Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Ni kitenzi gani cha Kiingereza kinachofaa? Refuse linafaa kwa ile kazi ya pamba, na reject linafaa kwa utawala wenyewe. Lakini neno linaloeleza kilichotendeka ni defy, yaani kumkatalia aliye na nguvu zaidi yako huku ukijua anaweza kukuumiza. Defy hutoka chini kwenda juu. Mkulima humfanyia akida, yaani msimamizi wa eneo aliyewekwa na Wajerumani, mtoto humfanyia baba, raia huifanyia amri. Akida hawezi kumfanyia mkulima hivyo. Yeye ana maneno mengine, na karibu yote ni ya dharau, kwa sababu dharau husafiri kutoka juu kwenda chini, au angalau kutoka kwa mtu anayejiona yuko juu.

Despise linaeleza hilo waziwazi, kwani asili yake ya Kilatini ni kutazama chini. Mtu unayemdharau kwa despise huna heshima naye hata chembe na pia humpendi, na katika Kiingereza cha mazungumzo chuki hiyo imekua hadi watu husema "I despise okra" wakimaanisha hawawezi kabisa kula bamia, bila kuijali hadhi ya bamia. Disdain ni dharau ya kimya. Ndani yake kuna wazo la kustahili, kwamba kitu fulani hakinifikii hadhi yangu, na mwenye nayo hupandisha pua na kupita. Hapigi kelele kwa kuwa hata kelele angeiona ni heshima kubwa mno. Scorn ni dharau inayosema. Ina kejeli, ina kicheko, na mara nyingi ina hasira ndani. Kwa hiyo tajiri wa mjini anayekaribishwa ugali wa muhogo akausogeza pembeni kwa kidole bila neno ameonyesha disdain, na anayesema mbele ya wenyeji kwamba hicho ni chakula cha mbwa ameonyesha scorn. Wenyeji watamkumbuka wa pili zaidi, ingawa nina shaka kama wa kwanza alikuwa na moyo mzuri zaidi.

Contempt ni jina la hali yenyewe, dharau iliyokwisha kukaa moyoni kama hukumu. Si kitenzi, na huwezi kusema "He contempts me". Lazima useme "He has contempt for me", au kwa lugha nzito zaidi "He holds me in contempt". Kihusishi chake ni for, isipokuwa mahakamani, ambako kosa la kuidharau mahakama huitwa "contempt of court", na hiyo of haibadiliki. Vivumishi vyake viwili huwachanganya hata wenye shahada. Contemptuous ni mwenye dharau. Contemptible ni anayestahili kudharauliwa. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa mnyambuliko, anayedharau kwa upande mmoja na anayedharaulika kwa upande wa pili, kwa hiyo anayetaka kukumbuka aviweke vivumishi hivyo sambamba na vitenzi hivi. Mfanyakazi aliyekusudia kumlalamikia karani mwenye majivuno akaandika kwamba karani ni contemptible hakueleza tabia ya karani, alitoa hukumu juu ya utu wake wote, na barua hiyo inaweza kumrudia kwa namna asiyoitarajia.

Dharau huonekana pia usoni na kusikika mdomoni, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza kinautafuta. Kusonya, ule mvuto wa hewa kati ya meno na ulimi ambao mama yeyote sokoni anaweza kuutoa bila kugeuza shingo, hauna kitenzi kimoja kilichozoeleka kwa Waingereza wengi. Husema kwa maelezo, "to suck one's teeth", na wanaoutumia zaidi usemi huo ni watu wa visiwa vya Karibi na jamii zenye asili ya Afrika. Kubinua midomo ni sneer, na sneer laweza kuwa uso tu bila sauti. Scoff lina sauti, ni kulipuuza jambo kwa kicheko kifupi au neno la kubeza, na hutaka at: "They scoffed at the plan." Deride na mock ni kudhihaki: deride ni la maandishi, mock ni la wote. Belittle ni kudunisha, kulifanya jambo la mtu lionekane dogo, na huhusu zaidi kazi au mafanikio yake.

Huku kwetu kuna tahadhari moja inayohusu utani. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wana watani wao, na mtani anaweza kusema msibani maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani vita vinakuja. Mwanafunzi anayeieleza desturi hiyo kwa Kiingereza hukimbilia mock au insult, na anayemsoma hupata picha ya watu wanaodharauliana mbele ya jeneza. Neno lake ni tease, au banter kwa yale majibizano, kwa kuwa ndani yake hamna kushushana.

Salamu nazo zina mafunzo. Kijana akimpita bibi kizee barazani asitoe shikamoo, bibi atawaambia waliokaa naye, "Kanipita kama kisiki." Kiingereza kina slight na snub kwa tukio hilo, na tofauti ya maneno hayo iko katika nia. Slight ni jeraha dogo la heshima, na linaweza kutokea bila kukusudiwa, labda kijana alikuwa na mawazo. Snub ni la makusudi. Kijana amemwona bibi, amemtambua, na amechagua kupita. Bibi hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mpaka kijana aulizwe, na mwandishi anayesimulia kisa hicho kwa Kiingereza inampasa aamue kabla ya kuandika, kwani akichagua snub ameshamhukumu kijana.

Kukataa kunapofanywa na watu wengi dhidi ya mmoja, maneno ni mengine tena. Shun ni kumwepuka mtu au jambo, na linaweza kufanywa na mtu mmoja pia. Ostracize ni kutenga, kama anavyotengwa mtu aliyekaidi maamuzi ya kijiji, watu wasiende msibani kwake wala yeye asialikwe harusini. Neno limetoka Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo, ambako raia waliandika kwenye kigae cha chungu jina la mtu waliyetaka aondoke mjini, na aliyepatikana na kura za kutosha alihamishwa kwa miaka 10. Boycott ni kususia, nalo lilikuwa jina la mtu. Kapteni Charles Boycott alisimamia ardhi ya kabaila mmoja katika kaunti ya Mayo, Ireland, na mwaka 1880 wapangaji na majirani walikubaliana kutomfanyia kazi, kutomuuzia kitu na kutozungumza naye, hata jina lake likawa kitenzi. Tofauti na kutenga, kususia kuna dai nyuma yake: likitimizwa, watu hurudi.

Basi orodha ya visawe itumiwe vipi? Daktari wa Kiingereza Peter Mark Roget alipochapisha mwaka 1852 faharasa yake kubwa ya maneno yaliyopangwa kwa maana badala ya alfabeti, aliwakusudia watu waliokuwa wakitafuta neno walilokwisha kulijua likawapotea. Huo ndio wajibu wa orodha ya namna hiyo hadi leo, na si kosa lake kwamba sisi huitumia kukutana na maneno kwa mara ya kwanza. Anayekutana na neno kwa mara ya kwanza anahitaji kamusi inayotoa sentensi kamili za mfano, na katika daftari lake aandike neno pamoja na kile linachokikataa: reject a bid, decline an invitation, deny a charge, renounce citizenship, spurn an offer of help, repudiate a debt. Maneno machache yaliyoandikwa hivyo yanamfaa kuliko ukurasa mzima uliofungwa kwa mabano.

Limebaki jambo la matamshi, ambalo mara nyingi halifundishwi kabisa. Mkazo wa Kiswahili hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili sisi hulikazia mwanzoni bila kufikiri. Katika Kiingereza vitenzi refuse na reject hukaziwa silabi ya pili. Vikikaziwa ya kwanza vinakuwa nomino. Reject ya mkazo wa mwanzo ni bidhaa iliyotupwa kwa ubovu, kama zile korosho zenye madoa au zilizoliwa na wadudu ambazo kina mama huzitoa kwenye meza ya kuchambulia kiwandani, na refuse ya mkazo wa mwanzo, ambayo hata s yake haitamkwi tena kama z, ni takataka zinazosubiri gari la manispaa.